Gari Lilipokunywa Maji ya Kyela

Nilipiga stati mara moja. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapowasimulia watu kisa hiki huwa nalificha mpaka mwisho, na fundi wangu ameshanichoka. Gari lilikuwa limezimika katikati ya maji, vijana wananipigia kelele "washa, washa!", mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ufunguo. Likalia TAK. Mlio mmoja, mzito, kama komeo la geti la chuma. Halafu kimya, na maji yakaendelea kupita milangoni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ilikuwa mwezi wa 4. Tulikuwa tunatoka msibani upande wa Ipinda, mimi na mama mdogo, na kwenye buti kulikuwa na gunia la mpunga alilopewa na ndugu zake. Nilimshauri akoboe hukohuko tubebe mchele, akakataa. Mchele ukishakobolewa, alisema, ukikaa Mbeya miezi miwili mitatu ile harufu ya Kyela inaondoka, mpunga unaitunza. Sikubishana. Mama mdogo habishiwi kwenye mambo mawili, mchele na misiba.

Kwa ambao hawajawahi kushuka Kyela: kutoka Mbeya unapita Uyole, Isyonje, Kiwira, Tukuyu, migomba na chai pande zote, unashuka mpaka masikio yanaziba. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Maji nayo yanaijua njia hiyo. Mvua inapiga Rungwe usiku kucha, mito ya Kiwira na Mbaka na Lufilyo inaibeba kwenda ziwani, na asubuhi mtu wa Kyela anaamka na jua kali, mbingu safi, lakini barabara haionekani. Ndiyo maana wenyeji hawaangalii wingu. Wanauliza jana Tukuyu kulinyeshaje. Mimi niliangalia wingu.

Palikuwa na kalavati, na maji yalikuwa yanavuka juu yake, rangi ya udongo wa tofali. Niliegesha pembeni nikatazama kwanza, sikuwa mjinga kiasi hicho. Bodaboda ikapita, abiria kanyanyua miguu. Ikapita Probox imebeba watu na magunia, maji yakaishia katikati ya tairi. Nikasema Probox ikipita na IST yangu itapita. Na kusema kweli hesabu yangu haikuwa mbaya. Niliingia taratibu, gia ya chini, mguu haubanduki kwenye mafuta, na nilikuwa nimeshavuka zaidi ya nusu Fuso lilipoingia kutoka upande wa pili.

Dereva wake wala hakupunguza mwendo. Fuso lilikuja likisukuma wimbi, na wimbi lile nililiona likinijia polepole, nikiwa sina pa kwenda. Likapanda boneti, likapiga kioo. Injini ikakohoa mara mbili, kama mtu aliyepaliwa na ugali, ikazima. Hapo ndipo nilipofanya ile kazi yangu ya TAK.

Mzee mmoja alikuwa amesimama ukingoni na mwavuli, suruali ameikunja mpaka magotini. Alikuja mpaka dirishani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, na bila kuvuta pumzi akasema, "Toa ufunguo."

"Mzee, ngoja nijaribu tena, labda..."

"Mwanangu, toa ufunguo. Nipe mimi."

Nikampa. Akautia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba aliendesha malori miaka mingi barabara ya Zambia, na kwamba siku hiyo alikuwa ameshasimama pale tangu asubuhi, akiangalia watu wakiua injini zao. Langu lilikuwa la tatu.

Vijana walitaka elfu 20 kulisukuma mpaka pakavu, tukamalizana kwa elfu 10. Mama mdogo alishuka mwenyewe, kanga kiunoni, viatu mkononi, akavuka bila kuniangalia. Gunia likabaki ndani ya buti na maji yake. Tulipofika pakavu vijana wakaja na wazo jipya: tusukume kwa kasi, liwake lenyewe. Gari la oto haliwaki kwa kusukumwa, hilo wengi wanalijua. Ila mzee alisema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, kwamba hata lingekuwa la gia za mkono angewakataza. Stata ina nguvu ndogo. Ikikutana na maji ndani ya silinda mara nyingi inasalimu amri, inalia TAK inasimama. Gari zima likisukumwa na vijana sita kwenye mteremko haliwezi kusalimu amri. Kitakachosalimu amri ni chuma cha ndani.

Nieleze hapa, maana ndiko mambo yote yalikolala. Injini inapumua. Kwenye gari langu mdomo wa kuvutia hewa uko mbele, karibu na rejeta, na hewa inapitia eaklina kwenda kwenye silinda 4. Pistoni inapopanda, kazi yake ni kuibana ile hewa. Hewa inabanika. Maji hayabaniki hata ufanyeje. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni ndogo sana, vijiko vichache tu vya maji vinaijaza. Pistoni ikipanda ikakuta maji yamejaa, konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni na kuiunganisha na krenki, inapinda. Ikipinda sana inatoboa ubavu wa injini, na utaona oili imemwagika chini pamoja na vipande vya aluminiamu. Injini ikizimika ikiwa kwenye sailensi, mwendo mdogo, mara nyingi inanusurika. Anayeimaliza ni mwenye ufunguo, kwa kupiga mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka silinda moja ishike moto na kuzisukuma zile nyingine zenye maji. Na huyo mwenye ufunguo huwa ana watu kumi wanaomshangilia.

Mzee alianza kwa kufungua waya wa hasi wa betri, kwa spana namba 10 aliyoazima kwa bodaboda. Maji na umeme havipatani, na kila dakika betri inayokaa imeunganishwa kwenye soketi zilizolowa, zile pini ndogo zinaendelea kuliwa na kutu ya kijani. Kisha akanyanyua boneti akafungua kifuniko cha eaklina. Hilo mtu yeyote anaweza kulifanya kwa mikono mitupu, ni vibanio tu. Akaitoa ile chujio ya karatasi akaikamua mbele yangu. Ilitoa maji kama dekio. Chini ya sanduku lake palikuwa na kidimbwi, na kwenye kidimbwi kulikuwa na jani la mgomba dogo kama kucha.

"Umeona," akasema. Sikuwa na la kujibu.

Angekuta chujio kavu, alinieleza, tungekuwa tunaumwa ugonjwa mwingine kabisa, mwepesi: umeme umelowa. Hapo ndipo unaposikiliza mlio. Ukizungusha ufunguo na hakuna chochote, hata dashibodi haiwaki, anza na vichwa vya betri na fyuzi kubwa. Ikilia tik-tik-tik ya haraka, betri imechoka au kichwa kimelegea. Injini ikizunguka vizuri bila kushika, ni moto haufiki kwenye plagi au mafuta hayafiki kwenye nozeli, na gari lililopita kwenye maji mara nyingi ni koili zimelowa, unazikausha kwa kitambaa na jua. Ikizunguka kwa haraka mno na kwa wepesi, kama haina kazi, hapo kaa chini, maana pengine kompresheni, ule mbano wa hewa ndani ya silinda, haipo. Na TAK moja nzito ni stata yenyewe imegoma au injini imefungwa na maji. Huwezi kujua ni ipi bila kufungua plagi. Kwa hiyo usijaribu tena ili ujue, fungua plagi.

Akachomoa dipstiki. Hili ndilo lililonipa roho, maana nilikuwa nimeshasikia habari zake. Oili iliyoingia maji inapanda juu ya alama na rangi yake inakuwa chai ya maziwa. Ukiiona hivyo injini haizungushwi hata kwa mkono, oili inamwagwa kwanza. Yangu ilikuwa ya kahawia, safi, kwenye mstari. Ya gia boksi nayo ilibaki nyekundu. Ikinywa maji inageuka waridi yenye povu. Maji ndani ya gari yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu tu, na ile kompyuta ya gari kwangu iko nyuma ya kabati la dashibodi, juu zaidi ya hapo. Bahati, si akili.

Fundi wa Ipinda alifika kwa bodaboda baada ya kama saa moja na nusu, kijana mdogo, begi la mgongoni kama la shule. Shikamoo mzee, shikamoo mama, kisha akafungua begi. Akatoa ile plastiki ya juu ya injini, akafungua boliti nne za koili, akazichomoa moja moja akizipanga kwenye kanga ya mama mdogo kwa mpangilio zilivyotoka. Tundu mbili zilikuwa na maji yamesimama kama kisima. Hakuingiza spana ya plagi hapo hapo. Alichovya kwanza kipande cha godoro akanyonya maji yote, maana ukifungua plagi na maji yamelala juu yake, yanashuka ndani ya silinda, unajiletea lile ulilokuwa unalikimbia. Kisha akatoa plagi zote 4. Ya pili na ya tatu zilitoka zinadondosha.

Akachomoa soketi za nozeli ili mafuta yasimwagike, akarudisha waya wa betri, akasema tukae mbali. Mzee akafungua kifungo cha mfuko wa shati. Akanipa ufunguo wangu.

Sijawahi kuona kitu kile. Injini ikazunguka kwa wepesi, na kwenye tundu la pili na la tatu maji yakaruka juu, yakapiga boneti kwa chini, yakarudi usoni kwangu kupitia kioo nilichosahau kukipandisha. Yalikuwa na harufu ya petroli na matope. Vijana walipiga makofi. Fundi akahesabu kwa sauti, sekunde tano, akaniashiria niache. Tukapumzika ili stata isichemke, tukarudia. Mara ya tatu ukatoka mvuke tu. Akadondosha oili ya injini kijiko kimoja kila tundu, maana maji yalikuwa yameosha ule utando wa oili kwenye kuta za silinda, akazungusha tena. Plagi akazifuta, akazikausha kwa kiberiti cha gesi, akazirudisha.

Likawaka. Lilitetemeka kama mtu wa malaria, likatoa moshi mweupe na maji kwenye ekzosti kwa dakika kadhaa, na taa ya injini ikabaki inawaka dashibodi. Fundi akainama akaweka sikio karibu na bisibisi aliyoigandamiza kwenye kifuniko cha injini, ncha upande mmoja, mpini sikioni. Anasikiliza tok-tok ya konrodi iliyopinda. Mama mdogo, ambaye tangu tuvuke hakuwa ameongea na mimi, akauliza, "Anasikia nini?"

"Nasikia koili moja imekufa, mama. Mengine tutaona."

Nilitaka kupanda Mbeya jioni ileile. Mzee na fundi walikataa kwa pamoja, na mlima ule wa Tukuyu si wa gari linalotumia silinda 3. Tukarudi Ipinda taratibu, nikikanyaga breki kidogo kidogo njiani ili zikauke, maana mara ya kwanza nilipozikanyaga hazikushika chochote. Tukalala msibani kwa mara ya pili, tukalishwa kande. Asubuhi fundi alimwaga oili, akabadilisha filta, akaleta koili ya mtumba kutoka Kyela mjini. Oili iliyotoka ilikuwa na vitone vya maji vichache chini ya beseni, kama jasho. Dipstiki haikuwa imetuonyesha hivyo vitone, ndiyo maana oili inamwagwa hata ikionekana nzima. Alinitoza hela ambayo niliona aibu kuilipa kwa udogo wake. Mzee nilimpa mkono na kumwambia ndaga fijo, yaani asante sana, Kinyakyusa changu chote kikaishia hapo. Hakutaka hela, alitaka nimpigie nikifika.

Mbeya nilipeleka gari gereji moja ya mjini, nisiitaje. Mtu wa pale aliinua boneti, akanusa, akasikiliza nusu dakika, akaniambia injini imekwisha, ana ya mtumba, milioni moja na nusu na kazi juu. Nilikaribia kukubali, kusema kweli. Bima yangu ni ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga na kukuacha wewe na matatizo yako, kwa hiyo hakuna ofisi ambayo ningeikimbilia. Ila lile neno la fundi wa Ipinda, "mengine tutaona", lilinikaa kichwani. Nikamuuliza bwana yule kama amepima kompresheni. Akasema haina haja. Nikaondoka.

Fundi wangu wa Uyole alipima. Konrodi ikipinda inakuwa fupi, pistoni haifiki ilikokuwa inafika, na geji inasema ukweli kuliko masikio ya mtu yeyote. Akatoa plagi zote, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho huku nikipiga stati, akasoma: 170, 160, 168, 170. Nikashtuka kwa ile 160, silinda ya pili, yenye kisima. Yeye hakushtuka. Akaniambia kwanza Mbeya hewa ni nyepesi, geji huku haisomi kama Dar, usilinganishe na namba za kwenye vitabu. Angalia tofauti kati yao, na tofauti ya 10 haimnyimi mtu usingizi. Kama konrodi imeguswa, imeguswa unywele. Baada ya miezi akapima tena, ikasoma 160 ileile. Tukaiacha hivyo, na hadi leo kila nikipanda Mlima Nyoka nasikiliza silinda ya pili kama mtoto mwenye pumu.

Injini haikunisumbua tena. Vilivyonisumbua ni vitu vidogo vilivyokuja baadaye, kimoja kimoja. Wiki ya pili alteneta ilianza kulia kama nzige, beringi zake zilikuwa zimejaa matope. Wiki ya nne stata ikagoma. Ilipofunguliwa ndani yake palitoka udongo mwekundu wa kutosha kupanda mchicha. Kioo cha mlango wa kushoto kinashuka kikitaka. Harufu nilihangaika nayo mwezi mzima, nikawasha feni ya joto vioo vikiwa wazi, nikaweka mkaa, nikaweka kahawa, mpaka nilipokubali kung'oa viti na kapeti yote na kuianika uani siku tatu.

Gunia mama mdogo alikuwa ameshalianika siku ileile tuliyofika, kwenye turubai, na mpunga ulipona, ingawa alinikumbusha kila tulipokula. Lakini gunia lilikuwa limechanika kona. Nilipotoa tairi ya spea ili nikaushe shimo lake, nilikuta matope yameganda chini, na kwenye matope yale miche kama ishirini, myembamba, ya kijani mpauko kwa kukosa jua, imelala upande mmoja kuelekea kwenye upenyo wa taa ya nyuma.

Nikamwita mama mdogo. Akaja, akainama, akaitazama kwa muda.

"Lete bakuli," akasema.